Wino wa Dole Gumba

Kwa miaka minne na ushee nilikuwa nakaa kwenye kiduka cha steshenari kilichotazamana na mahakama moja ya mwanzo hapa Dar es Salaam. Mtaa siutaji. Ndani kulikuwa na kompyuta moja, printa moja, mashine ya fotokopi iliyokuwa ikigoma kila joto likizidi, na pedi ya wino wa zambarau tuliyoifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza ili isiondoke na mtu. Kopi shilingi 100, kuchapa ukurasa mmoja shilingi 1,000, kuweka dole gumba bure.

Wateja walikuja na karatasi walizoandikiwa chini ya mwembe na wale tunaowaita vishoka, watu wanaoijua lugha ya mahakama kama sala, na leseni hawana hata ya baiskeli. Kazi yangu ilikuwa kuchapa. Nilichapa viapo, malalamiko, mikataba ya mauziano ya viwanja, barua za kuomba radhi kwa wakwe, na kuliko vyote nilichapa mirathi. Anayetaka mahakama imteue kuwa msimamizi wa mirathi huenda na cheti cha kifo pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo: nani walikuwepo, nani mwenyekiti, kimekubaliwa nini, limependekezwa jina gani, kisha orodha ya wajumbe na sahihi zao. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba.

Siku moja mwaka 2011 aliingia bwana mmoja wa makamo, shati limenyooshwa vizuri, mkononi ana bahasha ya kaki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti. Nichapie hii upesi, karani ananisubiri."

Ilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Wajumbe 11. Nikachapa, nikatoa nakala, nikamwambia inabidi wajumbe wasaini upya kwenye hii iliyochapwa.

"Wako Tunduru," akasema.

"Wote?"

"Wote. Kasoro mama mzazi wa marehemu, na yeye mgonjwa, hatoki ndani."

Kisha akavuta benchi, akachomoa kalamu mfukoni, akaanza kuwasainia watu wote mmoja baada ya mwingine, ametulia kama mwalimu anayejaza daftari la mahudhurio. Alipofika kwa mama mzazi wa marehemu akaivuta pedi, akachovya dole gumba la kushoto, akaligandamiza. Kwa mzee aliyekuwa wa mwisho kabisa kwenye orodha akatumia la kulia. Akalipa, akatoka, akasimama pale chini ya mwembe akifuta vidole kwenye gome.

Mimi nikarudi kwenye shughuli yangu nyingine. Chini ya kaunta nilikuwa nimeficha daftari, na ndani ya daftari nilikuwa naandika riwaya ya upelelezi.

Ile riwaya naikumbuka kwa aibu. Shujaa wangu alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, mrefu, mkimya, mwenye kofia na koti refu lililomfika magotini. Koti, Dar es Salaam, mwezi wa pili, wakati hata mbwa wanagombea kivuli. Kufikia ukurasa wa 30 nilikuwa nimeshaua watu wanne. Nikampa mama asome, maana yeye ndiye aliyenizoesha vitabu vya namna hiyo. Alikuwa na sanduku zima, vingine havina jalada, vingine vimeliwa na mchwa kuanzia mwisho kwenda mbele. Alisoma jioni yote huku anachambua mchele. Aliponirudishia daftari alikuwa na swali moja.

"Huyu uliyemuua ukurasa wa 9, kwao waliambiwa na nani?"

Sikumwelewa.

"Mtu amekufa Magomeni. Kesho yake polisi wanazunguka na huyo wa koti. Turubai halijafungwa, jamvi halijatandikwa, hakuna aliyebandika sufuria. Maiti wako hana hata shangazi?"

Nilinuna siku tatu. Lakini mama alikuwa ameweka kidole penyewe. Nilikuwa nimeazima maiti kutoka vitabu vya watu wengine, maiti wanaookotwa kwenye vichochoro vya Los Angeles, ambao baada ya daktari kuwapasua hakuna anayewaulizia tena. Huku kwetu mtu akifa kuna msiba, na msiba ni siku tatu za watu kukaa pamoja bila kazi nyingine ila kusema na kutazamana. Kuna daftari la rambirambi linaloonyesha nani katoa ngapi. Kuna mtu anayelia kuliko wafiwa. Kuna jirani aliyekuja siku ya kwanza akakaa mbali, siku ya pili hakuonekana. Kuna mjomba anayeuliza hati ya nyumba iko wapi kabla udongo haujakauka. Mpelelezi mwenye akili zake hana haja ya kuzunguka mji. Akae kwenye jamvi, ale pilau, asikilize.

Tangu hapo kila ninapokwenda msibani huwa naomba nisaidie kushika daftari la michango. Watu wananiona nina moyo wa kujitolea.

Swali la mama lilizaa jingine, na hilo lilinisumbua zaidi: kwetu anayeuliza ni nani? Mpelelezi wa kukodi, mwenye ofisi ghorofani na chupa ya pombe kwenye droo, simjui. Mtu baki akibisha hodi kwako saa moja jioni akakuuliza jana usiku ulikuwa wapi, jibu ni moja tu: "Wewe kama nani?" Hapo upelelezi umekwisha. Ili mhusika wako aendelee kuuliza mpaka ukurasa wa 200 lazima awe na sababu ya kuwa pale, na sababu hiyo majirani waikubali. Polisi anaweza, lakini polisi akiingia uani watu wote wanakuwa hawajui kitu. Mjumbe wa nyumba kumi anaweza, na anajua nani kalala wapi. Mama wa kikoba anaweza, kwa kuwa madeni ya mtaa mzima yako kwenye kitabu chake. Wakala wa pesa za simu anajua nani anamtumia nani, kila tarehe ngapi. Fundi simu ndiye ninayemwogopa kuliko wote: unamwachia simu, unamwachia na namba ya siri, unakwenda zako sokoni.

Nikiulizwa hadithi za uhalifu zinatoka wapi huwa nawataja watu wa namna hii, na anayeuliza huwa anasikitika kidogo. Alitegemea nitasema ndoto, au kwamba niliwahi kushuhudia mauaji. Sijawahi. Ila nikiwasoma waandishi walionitangulia naona wengi wao walikuwa na kazi iliyowaruhusu kuingia kwa watu.

Muhammed Said Abdulla, kwa mfano. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Hadithi yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957/58, ikachapwa 1960, na ndiyo iliyotuletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Wahakiki hupenda kutuambia kwamba Bwana Msa ni mtoto wa Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza. Sikatai, kiko kinaonekana. Ni kweli pia kwamba Holmes mwenyewe ana mzazi: Conan Doyle, mwandishi wake, alisomea udaktari Edinburgh chini ya Joseph Bell, mganga aliyekuwa akimtazama mgonjwa mlangoni na kumwambia kazi anayofanya na ametoka wapi. Lakini kuna jambo kuhusu Abdulla ambalo kwangu lina uzito kuliko Holmes. Kabla hajawa mhariri wa magazeti, alifanya kazi kama miaka kumi kwenye idara ya afya, mkaguzi.

Alikuwa bwana afya. Waliokulia vijijini wanajua uzito wa neno hilo. Bwana afya haalikwi. Anaingia uani, anafunua mtungi, anachungulia kisima, anauliza choo kiko umbali gani, chumba hiki wanalala wangapi, yule mtoto mwenye upele ni wa nani. Akiuliza mtoto ni wa nani, wanawake wanatazamana. Hakuna mahali Abdulla alipoandika kwamba Bwana Msa alizaliwa katika nyua hizo, angalau sijapaona. Haya nayasema mimi. Lakini soma vitabu vyake uone fumbo linakolala: uzazi uliofichwa, nasaba iliyogeuzwa, mtu anayeitwa mtoto wa fulani na siye. Maiti ni mlango tu wa kuingilia. Na jambo linalosingiziwa mizimu au Giningi, ambako watu wa Visiwani wanasema wachawi ndiko wanakokutana, Bwana Msa analifuata mpaka analikuta limekaa kwenye kiti sebuleni, lina jina na lina cheti.

Mwishoni Bwana Msa huwakusanya watu akaeleza. Nilipokuwa binti nilipenda sana kurasa hizo. Kila uzi unarudi kwenye sindano yake. Sasa hivi nikizisoma napata raha ileile na wasiwasi juu yake, kwa sababu kwenye kile kiduka changu hakuna siku hata moja watu walikusanywa wakaelezwa.

Hapa ndipo linapoingia lile neno la Kifaransa, noir, maana yake nyeusi. Mwaka 1945 Marcel Duhamel alianzisha huko Paris, katika nyumba ya uchapishaji ya Gallimard, mfululizo wa riwaya za uhalifu zenye jalada jeusi, nyingi zikiwa za Kimarekani. Jina likashika. Mwaka uliofuata wahakiki wa Kifaransa wakaanza kulitumia kwa filamu za Marekani zilizojaa vivuli na watu wasiookoka. Kiswahili hakijalipatia mwenzake. Niliwahi kumwambia rafiki yangu naandika "hadithi nyeusi", akaniuliza kama ina majini. "Riwaya ya giza" inaleta watu wa umeme. Kwa hiyo naacha jina, naeleza kitu: ni hadithi ya uhalifu ambayo mwisho wake haurudishi amani, na mara nyingi anayesimulia mwenyewe ana matope miguuni.

Nao walioijenga walikuwa na milango yao. Dashiell Hammett alianza kufanya kazi kwa Pinkerton mwaka 1915, shirika la upelelezi wa kukodi, akawafuatilia watu kwa mshahara kabla ya kuwaandika. Raymond Chandler alikuwa bwana mkubwa katika kampuni za mafuta California, akafukuzwa mwaka 1932. Hadithi yake ya kwanza ya uhalifu ilichapwa mwaka uliofuata, naye ana umri wa miaka 45. Nikimsoma anavyowaeleza matajiri najua huyu aliwahi kuziona hesabu zao. Chester Himes alianza kuandika akiwa gerezani Ohio kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Baadaye alihamia Ufaransa, na ni huyo huyo Duhamel aliyemsukuma ajaribu riwaya ya upelelezi. Akaiandika Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, akiwa Paris, na mwaka 1958 Wafaransa wakampa tuzo yao ya riwaya za upelelezi. Huku kwetu John Kiriamiti wa Kenya alikuwa jambazi wa kweli kabla hajawa mwandishi, na kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1984, alikiandika kifungoni.

Kuna anayeiharibu nadharia yangu, naye ni James Hadley Chase. Vitabu vyake ndivyo vilivyojaa kwenye sanduku la mama, na kwenye meza za wauza vitabu chakavu barani kote. Alikuwa Mwingereza, jina lake halisi Raymond, na ile Marekani yake ya majambazi na warembo aliitengeneza kwa ramani na kamusi ya misimu ya mitaani, kwa sehemu kubwa bila kuishi huko. Nimejaribu kumdharau nimeshindwa. Ukianza ukurasa wa kwanza saa nne usiku utalala saa tisa. Ila nikimaliza sikumbuki mtu hata mmoja, nakumbuka magari. Na ndiye aliyeniletea lile koti.

Wenzetu wa miaka ya 1960 na 1970 nao walisoma vitabu vya huko, hilo halifichiki, lakini waliokota pia vya hapa. Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965, wakati simu ilikuwa chombo cha ofisi za wakubwa. Kuichagua kuwa kitu cha kuogofya ilikuwa ni kusikia vizuri sauti ya wakati wake. Elvis Musiba akaja na Willy Gamba mwaka 1974, jasusi wa Kiafrika anayepigania ukombozi wa bara, mwenye bastola, suti na wanawake wengi mno. Nilikuwa nikimcheka Willy Gamba. Nikadhani Musiba amemchukua jasusi wa Kizungu akampaka rangi.

Nikaacha kucheka nilipoanza kusoma habari za Dar es Salaam ya wakati ule. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa tangu mwaka 1963. Wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuwa wanapishana na majasusi kwenye hoteli zilezile. Na tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, alifungua kifurushi kilichofika kwa posta. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Alifia papo hapo, hapa hapa mjini, upande wa baharini. Mwandishi anayekaa katika mji ambao kitabu kimemuua mtu hana haja ya kuazima jasusi kwa Waingereza. Musiba alikuwa anaandika mji wake, ila aliutaka ushinde, na ndiyo maana Willy Gamba anashinda kila mara. Kosa hilo, kama ni kosa, naweza kumsamehe mtu yeyote aliyekuwa na miaka ishirini na kitu mwaka ule.

Aliyekaribia zaidi kile ninachokiita giza, kwa maoni yangu, ni Ben Mtobwa. *Dar es Salaam Usiku*, ya mwaka 1990, haina haraka ya kumkamata mtu. Inatembea na watu wa usiku na kuwasikiliza. Mtobwa alizaliwa Kigoma mwaka 1958 akafariki 2008, mapema mno. Alikuwa pia na shujaa wake wa kupambana na majahili, lakini nikichagua kitabu kimoja cha kwenda nacho safarini nachukua cha usiku.

Sijui kwa nini hakuna aliyeandika vya kutosha mwaka 1983. Labda walioishi wakati ule wamechoka nao. Serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na sheria maalumu ikatungwa mwaka huohuo. Bidhaa zilikuwa haba miaka mingi. Watu walipanga foleni kwa sabuni na unga. Sasa aliyeonekana na vingi alikuwa na la kujibu. Bibi yangu mzaa mama hakuwa mlanguzi, alikuwa na kigenge. Alikuwa na miche ya sabuni, kama katoni mbili. Usiku akachimba shimo nyuma ya nyumba, akazifukia, juu akapanda mihogo. Mihogo ilipokomaa hakuna aliyethubutu kuila. Ilikuwa inatoa povu, anasema, ingawa bibi ana chumvi nyingi na hili la povu nalitilia shaka. Lakini lile tendo la mama wa watu kuzika sabuni usiku kama maiti, huku jirani anasikia jembe na asubuhi anasalimia kama hakusikia, ndilo nililolitafuta kwa miaka kwenye vitabu vya watu.

Jirani yule alikuwa anajua. Bibi alikuwa anajua kwamba anajua. Waliishi hivyo ukuta kwa ukuta miaka kumi na minne, wakizikiana na kuozeshana.

Nilipoelewa hivyo nilianza kusikiliza sentensi kwa namna nyingine. Kiswahili kina kauli ya kutendeka. Shuleni tuliifundishwa kwa mifano ya kikombe: kikombe kimevunjika. Mtoto mdogo anaijua kabla ya kwenda shule, maana hasemi amekivunja. Kimevunjika chenyewe, kilichoka kuwa kizima. Sasa kaa kwenye benchi la ofisi yoyote kuanzia saa mbili asubuhi uhesabu. Faili halionekani. Ukurasa umechanika. Jina limefutika. Mhuri umekosekana. Hakuna mtenda, kuna mambo tu yanayotendeka, kama mvua. Na mtenda akilazimika kutajwa, magazeti yana msemo wake: ameuawa na watu wasiojulikana. Yaani watenda wapo, wana mikono na miguu, wanakula na kulala mahali, lakini sarufi imewafunika kanga usoni.

Bwana Msa akikutana na sentensi ya namna hiyo hatulii mpaka aigeuze: nani alichana, nani alifuta. Hiyo ndiyo riwaya ya upelelezi. Ninayojaribu kuandika mimi inabaki ndani ya kutendeka mpaka ukurasa wa mwisho, na msomaji anamjua mtenda tangu ukurasa wa 40, na watu wote wa mtaani wanamjua, na anaendelea kupewa kiti cha mbele kwenye harusi.

Kitu kingine nilichojifunza kwenye kiduka ni kwamba uhalifu mwingi una karatasi nzuri kuliko haki. Mtu mwenye haki yake huja na karatasi iliyolowa mvua, tarehe imekosewa, mjumbe aliyeshuhudia alishakufa. Aliyeuziwa kiwanja kimoja na watu wawili tofauti utamjua kwa sababu mkataba wa tapeli ndio wenye mihuri mitatu. Kwa hiyo nilipoanza upya sikumpa muuaji wangu kisu. Nilimpa bahasha ya kaki.

Riwaya mpya inasimuliwa na msichana wa steshenari. Koti nimelitupa. Maiti ni mmoja, amekufa kwa ugonjwa, hospitali imeandika hivyo na inawezekana ni kweli. Ana nyumba ya vyumba sita na mama mzazi. Hakuna bunduki. Kuna kikao cha ukoo ambacho hakikukaa. Nimeandika sura 19 na zilizobaki zinanigomea, kwa sababu kuna mahali msichana lazima aseme kitu na mimi mwenyewe nilikuwa sijakisema.

Pale mwanzo nimewasimulia yule bwana akivuta benchi na kuanza kusaini. Nimeruka kidogo. Alisaini majina matatu kwa kalamu yake moja, mkono mmoja, mwinamo mmoja. Nilikuwa namtazama. Nilikuwa nimeshachapa mirathi mingi kiasi cha kujua karani ataangalia nini. Nikasema:

"Baba, badilisha kalamu."

Akainua kichwa. Nikafungua boksi, nikatoa moja ya bluu na moja nyeusi, nikamwonyesha pia kwamba la tano na la nane ayaandike kwa herufi kubwa, kama wazee wanavyofanya. Akatabasamu. "Binti, una akili wewe." Nikamuuzia zile kalamu shilingi 200 kila moja. Jioni nilipofunga hesabu niliandika: kuchapa 1,000, kalamu mbili 400. Mwenye duka alifurahi kwamba kalamu zinatoka.

Baada ya hapo nikarudi kwenye daftari langu chini ya kaunta, kwa yule mpelelezi wangu, nikitafuta msukumo.

Miezi kadhaa baadaye, mchana wa jua kali, aliingia bibi mmoja na bakora, ameshikwa mkono na mtoto wa kama miaka tisa. Alikuwa na nguvu kuliko wengi niliowahudumia siku ile. Alikataa kiti. Akatoa kwenye pindo la kanga karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Huyu mtoto wa siku hizi anasoma kizungu tu, hebu nisomee wewe."

Niliitambua kabla sijaikunjua yote. Ilikuwa kopi ya muhtasari. Mashine yetu ilikuwa na alama, mstari mwembamba mweusi pembeni kulia. Nilikuwa nimeshauzoea kama kovu la mwilini mwangu. Nikasoma kuanzia juu. Tarehe. Mahali. Agenda. Nikasoma majina.

"Hapo pananitaja?"

"Panakutaja bibi. Namba mbili."

"Pamesemaje?"

"Pamesema ulikuwepo. Ukakubali."

Akaniomba nimwonyeshe wapi. Nikaweka kidole pale kwenye lile doa. Kwenye kopi wino wa zambarau ulikuwa umetoka mweusi. Aliinama, akalitazama kwa muda, kisha akalitazama dole gumba lake mwenyewe, akiligeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlangoni. Mtoto alikuwa anachezea kamba ya pedi.

"Haya," akasema. "Kama pameandikwa nilikuwepo, basi nilikuwepo."

Akataka kopi moja. Nikamtolea mbili. Akauliza bei, nikamwambia bure bibi. Akafungua pindo, akahesabu sarafu kwa vidole, akaniwekea shilingi 200 juu ya pedi ya wino, akamshika mtoto mkono wakavuka barabara kuelekea mahakamani.